Marejesho ya Weldon

Kwa mujibu wa kompyuta ya Ooko, Weldon Kipkemoi alikuwa amewasilisha marejesho yake ya kodi tarehe ishirini na sita Juni mwaka uliotangulia, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Jepleting aliusoma mstari huo mara moja, akausoma tena akiufuata kwa kidole juu ya kioo chenye vumbi, kisha akaurudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu neno la lugha asiyoijua. Weldon Kipkemoi alikuwa baba yake. Na huu ulikuwa mwaka wa tano tangu mtu yeyote amtie machoni.

Chini ya mstari huo palikuwa na mingine mitatu. Juni ya mwaka juzi. Juni ya mwaka wa kabla ya huo. Juni ya kwanza kabisa baada ya kutoweka kwake. Kila mwaka, bila kukosa, Weldon alikuwa ameiarifu serikali kwamba yupo, na kwamba hana mapato.

"Nani alijaza hizi?" akauliza.

Ooko alikuwa akikivika plastiki kitambulisho cha mtu. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha mabati kando ya mahali malori yalipopakilia viazi, na ndani yake mlikuwa na kompyuta tatu, mashine ya kutoa nakala na baridi ya Kuresoi isiyojua msimu. Mlima mzima ulimtegemea kwa mambo yote ya mtandao. Hakuinua kichwa.

"Juni mimi hujazia watu mia tatu, Jep. Nitamkumbuka yupi na nimsahau yupi?"

"Lakini huyu ni baba."

Hapo Ooko akainua kichwa. Akamtazama msichana, sare yake ya shule na daftari lililokuwa wazi magotini, kisha akautazama mlango kana kwamba aliomba mteja yeyote aingie. Hakuingia mtu.

"Nenda nyumbani," akasema. "Sikudai kitu. Nenda tu."

"Nitolee karatasi ya huu ukurasa kwanza."

Ooko alisita. Lakini mkono uliozoea kubonyeza hubonyeza hata pale moyo unapokataa, na mashine ikaitema karatasi, ingali na joto. Jepleting akaikunja, akaitia katikati ya daftari. Alitoka nje, akasimama kando ya malori, akasahau njia ya nyumbani ilikuwa upande upi.

*

Wa kulaumiwa, kama ni lazima apatikane wa kulaumiwa, angekuwa Mwalimu Makhanu. Alifundisha hisabati na masomo ya biashara katika shule yao ya kutwa, na kabla ya ualimu alikuwa karani wa mhasibu mmoja mjini Nakuru. Mwaka uliopita mwanafunzi wake wa zamani alimrudia akilia. Kijana huyo alichukua nambari ya mlipa kodi alipokuwa akiomba mkopo wa chuo, akaisahau, na sasa faini za miaka mitatu zilikuwa zimemngoja kimya kimya kama siafu kwenye nyasi. "Hakuna aliyeniambia, mwalimu," kijana alisema. Maneno hayo yalimnyima Makhanu usingizi. Mwezi wa Januari akaanzisha chama cha kila Jumatano baada ya masomo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutoa mandazi, kikajaa.

Aliwafundisha kusoma hati ya mshahara. Aliwafundisha tofauti ya kodi na tozo, ya mapato na faida, ya mtu asiyelipa kwa sababu hana na mtu asiyelipa kwa sababu hataki. Akawaambia walete karatasi yoyote ya nyumbani inayohusu kodi, hata kama imeliwa na panya, wajifunzie kwayo.

Jepleting alilipenda somo hilo kuliko yote. Alikuwa na miaka kumi na minane, na nyumbani kwao palikuwa na swali moja kubwa lililolala mlangoni kama mbwa asiyebweka. Kila mtu alilivuka kwa uangalifu, hakuna aliyelikanyaga. Katika somo la Makhanu mambo yalikuwa mengine. Mtu ni mkazi au si mkazi. Ana mapato au hana. Ukifuata mstari hadi mwisho, unakuta jibu limekaa linakusubiri.

Karatasi pekee aliyoipata nyumbani ilikuwa cheti cha baba yake cha nambari ya mlipa kodi, chini ya nguo za mamake. Nyuma yake Ooko alikuwa ameandika neno la siri kwa wino wa kijani, kama alivyowaandikia watu wote ili wasimsumbue. Kwa neno hilo ndipo Jepleting alipoufungua ukurasa ule dukani.

Baba yake alikuwa dereva wa lori la viazi. Oktoba moja aliteremsha shehena hadi Nairobi, akaishusha salama, akalipwa, akaanza safari ya kurudi. Lori lilikutwa Mai Mahiu, limeegeshwa vizuri kabisa kando ya vibanda vya chai, breki ya mkono imevutwa. Funguo alimwachia mwanamke wa kibanda, akamwambia, "Nakuja sasa hivi." Walitafuta hospitalini, wakatafuta vituoni, wakatafuta mahali ambapo mtu hapendi kupataja. Hapakuwa na damu, wala barua, wala simu. Baadhi ya watu walisema ameuawa. Wengine walisema ana mke Naivasha, tena walimtaja kwa jina, ingawa kila mmoja alitaja jina lake. Mama yake Jepleting, Jepkemei, aliwaacha waseme. Alirudi shambani.

*

"Mfumo haumjui mtu kwa sura," Makhanu alieleza. Walikuwa wawili darasani, Alhamisi asubuhi, kabla ya kengele. Karatasi ya Ooko ilikuwa mezani kati yao. "Unajua nambari na neno la siri. Aliye navyo, mfumo unamchukulia kuwa ndiye."

"Kwa hiyo anaweza kuwa ni yeye."

"Anaweza."

"Na anaweza kuwa si yeye."

"Pia anaweza."

"Ni lipi, mwalimu?"

Makhanu aliinuka, akachukua kifutio, akaufuta ubao ambao haukuwa na kitu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti kubwa, lakini alipogeuka sauti yake ilikuwa imepungua kimo. "Jepleting, nipe muda. Usimwambie mtu mpaka tujue tunachokijua."

Akaahidi. Lakini tangu hapo hakuweza kula vizuri wala kusikiliza. Alijikuta akimpa baba yake vyumba vya kuishi: leo alimweka Kihoto, kando ya ziwa la Naivasha, akihamisha godoro kwa sababu ya mafuriko, kesho akampeleka Nakuru, amevaa koti la ulinzi mbele ya ghala. Mahali pote hapo alimpa simu, na kila Juni alimfanya apige nambari ya Ooko aseme, "Boss, nijazie." Kisha hasira ilimpanda. Kama aliweza kumpigia Ooko, mbona hakumpigia yeye? Kisha akaionea haya hasira yenyewe, maana mtu humkasirikia aliye hai tu, na yeye hakuwa na hakika kama alikuwa na haki hiyo. Mambo haya yalimzunguka kichwani kama ng'ombe waliofungiwa bila lango.

Jambo moja tu lilibaki mahali pake. Maiti hawezi kusema hana mapato. Aliyesema hana, yupo.

*

Jumapili hiyo baba yake mkubwa, Kimaiyo, alikuja baada ya kanisa akiwa na Kogo, mama yake yeye na Weldon, bibi aliyekuwa amekonda hadi shuka lake lilionekana kumbeba yeye badala ya yeye kulibeba. Jepkemei aliwapa chai. Walizungumza kuhusu mvua iliyochelewa na bei ya mbegu za viazi. Kisha Kimaiyo akakiweka kikombe chini.

"Shemeji," akasema, "nimekuja na jambo, na ninaomba ulisikilize lote kabla hujalikataa. Mama anazeeka. Miaka hii yote hajamlilia mwanawe kwa sababu hakuna aliyemruhusu, na hajacheka kwa sababu hiyo hiyo. Nimezungumza na mchungaji. Mwezi wa nne, watoto wakifunga shule, tufanye ibada. Tumuage Weldon."

Jepkemei alikuwa amesimama na birika mkononi. "Tutamuaga kutoka wapi?"

"Kutoka hapa. Kutoka mioyoni. Na baada ya hapo tumwone chifu, tujue hili shamba linakaaje. Hati ina jina lake peke yake. Sisemi kwa ubaya."

Kweli hakusema kwa ubaya. Kimaiyo alikuwa mtu wa haki; ndiye aliyelipa karo ya Jepleting mihula miwili bila kuidai. Lakini neno shamba lilipotajwa, Jepleting aliona vidole vya mama yake vikikaza kwenye mkono wa birika, akamwona Kogo ameinamisha kichwa kama mtu aliyekwisha kuanza kuaga. Ahadi aliyompa mwalimu ikamtoka. Akaenda chumbani, akarudi na daftari.

"Msimuage," akasema. "Yupo hai. Nina karatasi."

Aliwaeleza kwa pupa, akichanganya miaka na tarehe: jinsi mfumo unavyofanya kazi, maana ya marejesho, nambari na neno la siri. Kimaiyo aliichukua karatasi akaisogeza dirishani. Midomo yake ilisoma jina la ndugu yake. Akasoma tarehe. 

"Hii ni ya serikali," akasema. "Mama, hii ni ya serikali. Mwaka jana, mwezi wa sita, alikuwa..." Hakumaliza.

Kogo alisimama bila mkongojo. Hakuna aliyemwona akisimama hivyo tangu zamani. Akaachia kigelegele kimoja chembamba, kilichokatikakatika, kigelegele cha mtu aliyesahau njia yake, kisha kingine kilichonyooka. Alimshika Jepleting kichwa kwa mikono miwili, akamtemea mate ya baraka kifuani, akimwita kwa jina la utotoni. Machozi yalimtiririka akicheka. Kimaiyo naye alikuwa ameshatoa simu, akisema kesho alfajiri wateremke Mai Mahiu, wamtafute yule mwanamke wa chai, waanze upya.

"Ni mimi," Jepkemei akasema.

Hakusema kwa sauti. Kimaiyo aliendelea kutafuta nambari kwenye simu.

"Kimaiyo. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Mimi ndiye humwendea Ooko kila Juni. Mimi ndiye husema hana mapato." Aliliweka birika mezani taratibu, kana kwamba lilikuwa limejaa hadi mdomoni. "Sijamwona Weldon. Hajanipigia simu. Ni mimi tu."

Jepleting alisubiri sakafu ipasuke, lakini ilikuwa sakafu ya kawaida ya saruji na haikufanya lolote. Kogo alikuwa bado amesimama. Akageuza uso kutoka kwa mkwewe hadi kwa mjukuu, tena kwa mkwewe.

"Kwa hiyo hukumwona," akasema.

"Sikumwona, mama."

"Hata sauti?"

"Hata sauti."

Bibi akaketi. Ilimchukua muda mrefu kuketi, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyejua kama angekubali kuguswa. Kimaiyo aliikunja karatasi mara mbili, akamrudishia Jepleting kwa upole uliouma kuliko kofi. Kisha akamgeukia shemeji yake. Alionekana kama mtu anayetaka kukasirika na hajui aanzie wapi.

"Umekuwa ukimweka hai huko kwenye kompyuta," akauliza, "ili shamba lisiguswe?"

Jepkemei alianza kukusanya vikombe. Hakukana.

*

Kesho yake, kabla ya shule, Jepleting alimfuata mama yake kwenye mifereji ya kupandia viazi. Mvua ilikuwa imeamua kuja usiku, na udongo ulikuwa mweusi na mzito. Jepkemei alipanda akienda mbele, akiweka mbegu moja moja, chipukizi likitazama juu. Jepleting alifukia nyuma yake kwa jembe. Walimaliza mfereji mzima.

"Nisamehe, mama," hatimaye akasema.

"Kwa lipi? Ulisoma kilichoandikwa."

"Kwa Kogo."

Lawama hiyo Jepkemei hakumwondolea. Aliweka mbegu tatu zaidi. "Mwaka wa kwanza, Ooko alinisimamisha njiani," akasema bila kugeuka. "Aliniambia jina la baba yako lisipojaziwa litaanza kula faini. Nikawaza, akirudi, asipokelewe na deni. Nikaenda. Nikamwomba Ooko asimwambie mtu."

"Na mwaka wa pili?"

"Wa pili nilimwogopa baba yako mkubwa. Nilijiambia, siku nitakaposema mbele ya mtu wa ofisi kwamba Weldon hayupo, siku ya pili kuna watu hapa wanapima kwa kamba. Kimaiyo ni mzuri. Lakini ana wana wanne, na kila mmoja ana mke wake."

"Na wa tatu?"

Mama yake alinyoosha mgongo, akaweka mkono wenye udongo kiunoni. Ng'ambo ya bonde ukungu ulikuwa ukijikusanya kutoka kwenye mashamba ya watu wengine. "Wa tatu sijui. Ilikuwa Juni. Nikaenda."

Jepleting alijua swali lililobaki. Alikuwa amelivuka mlangoni miaka yote hiyo. "Mama, wewe unaamini yupo?"

"Nikiwa hapa shambani, hapana." Alisema upesi, kama aliyekwisha kulifikiria mara nyingi. "Nikiwa kwa Ooko, ndiyo. Ooko huniuliza, 'Mama Jep, Weldon alipata mapato yoyote mwaka huu?' Anauliza hivyo hivyo anavyomuuliza kila mtu. Wengine wote huniuliza kama nimesikia lolote. Ooko peke yake ndiye huniuliza habari za Weldon kama mtu anayeishi. Natoa shilingi mia mbili, najibu, naondoka." Aliinama tena. "Sasa nawe umesomea mambo haya. Niambie nimekosea wapi, nijue."

Jepleting aliinua jembe. Alikuwa na majibu, tena mengi; yalikuwa kwenye daftari kwa mpangilio, yamepigiwa mistari kwa rula. Alifukia mbegu iliyokuwa mbele yake, kisha nyingine. Kengele ya shule ikasikika kutoka ng'ambo ya mto, na kwa mara ya kwanza mwaka huo alichelewa.

*

Ibada haikufanyika mwezi wa nne. Kimaiyo hakuitaja tena, wala hakuja tena na Kogo. Jepleting alipeleka maziwa kwa bibi yake Jumamosi mbili mfululizo. Mara zote mbili Kogo alikuwa amelala akitazama ukuta, na maziwa yalipokelewa na mke wa Kimaiyo, aliyesema, "Leo hajisikii," huku macho yake yakimwambia msichana aende. Alirudi njia nzima akijiuliza kama ukweli ndio uliokuwa umemlaza bibi yake, au uongo, au hicho kitu cha katikati ambacho hakuwa na jina lake.

Makhanu naye alikuwa ameomba msamaha, jambo ambalo lilimtisha Jepleting kuliko karipio. "Mimi ndiye niliyewaambia mlete karatasi za nyumbani," alisema. "Nilidhani karatasi ni karatasi." Alikuwa amelipeleka swali lao Nakuru, kwa mhasibu aliyemwajiri zamani, bila kutaja jina. Mzee huyo alimtafutia vitabuni. Sheria ilisema mtu asiposikika kwa miaka saba, mahakama inaweza kumhesabu kuwa amekufa. Baada ya hapo mambo hunyooka: cheti, ofisi, nambari inafungwa.

"Na kabla ya miaka saba?"

"Hapo mzee alijikuna kichwa. Kumjazia mtu bila idhini yake si sawa. Kutomjazia, faini. Kuifunga nambari, unahitaji cheti cha kifo, na hakuna daktari wa kukiandika." Makhanu akahesabu kwa vidole. "Imebaki miaka miwili na ushei. Mama yako afanye nini katika hiyo miwili, Jepleting, sijui."

Jumatano iliyofuata alilitoa swali hilo mbele ya chama kizima, amelivua majina na mahali. Mtu ametoweka. Nyumba yake inajua nambari yake. Juni imefika. Wanafunzi waliinua mikono kwa shangwe, wakidhani ni mtego, kila mmoja ana jibu. Jepleting, aliyezoea kuwa wa kwanza, alikaa juu ya mikono yake. Aliwasikiliza wenzake wakibishana, akaona kila jibu lilikuwa sahihi mpaka ulipomfikiria mtu ambaye angepelekewa.

*

Jumamosi ya mwisho ya Juni, shule ilifungua bwalo kwa ajili ya wanakijiji. Lilikuwa wazo la Makhanu: wanafunzi wake wangewasaidia watu kujaza marejesho bila malipo. Sharti lake lilikuwa moja. Mwanafunzi anaeleza, mwanafunzi anaonyesha, lakini kidole kinachobonyeza ni cha mwenye jina. Walikuwa wameazima kompyuta sita. Kufikia saa tatu foleni ilikuwa imefika kwenye matangi ya maji: walinzi, wachuma chai, walimu wa chekechea, vijana wa bodaboda na makoti yao ya mvua. Hata Ooko alikuja. Jepleting alidhani alikuja kulalamika kwamba wanamharibia biashara, lakini alimpungia mkono tu, akaenda kuwasaidia waliokwama na mtandao.

Jepkemei hakuja. Asubuhi hiyo, Jepleting alipomuuliza kama angekwenda kwa Ooko mwaka huu, alijibu, "Sijui," akaendelea kupalilia.

Jepleting alikuwa amewahudumia watu kumi na mmoja. Alikuwa mpole kwao kuliko ambavyo angekuwa Januari, na mwenye taratibu zaidi. Mtu alipokwama kwenye swali, hakumkimbiza. Alipoinua kichwa kuita mwingine, aliona foleni ikifunguka.

"Pita, mathe, pita mbele," kijana wa bodaboda alikuwa akisema.

Kogo aliingia akiegemea mkongojo kwa mikono yote miwili. Alikuwa peke yake. Kutoka kwa Kimaiyo hadi shuleni palikuwa na mlima mzima, na matope yalikuwa yamempanda hadi magotini. Aliketi kwenye kiti mbele ya meza, akalipanga shuka lake, akamtazama mjukuu wake kwa mara ya kwanza tangu Machi.

"Sina karatasi," akasema. "Nimekuja kwa habari ya Weldon. Niulize yale mama yako huulizwa na Ooko."

Jepleting alimtafuta Makhanu kwa macho. Alikuwa upande wa pili wa bwalo, ameinama juu ya bega la mlinzi mmoja. Aliwaona. Alinyanyuka nusu, kisha akainama tena kwenye kazi yake.

Msichana aliivuta kompyuta. Hakuingiza nambari yoyote. Akafungua ukurasa mtupu wa mazoezi, akaweka vidole tayari.

"Jina lake kamili, Kogo?"

"Weldon Kipkemoi. Alizaliwa usiku, ndiyo maana akaitwa Kipkemoi. Mvua ilikuwa inanyesha. Andika."

Akaandika.

"Kazi yake?"

"Dereva. Dereva mzuri. Hajawahi kugonga hata mbuzi."

Akaandika hilo pia, ingawa hapakuwa na mahali pake.

"Mwaka uliopita," Jepleting akasema, na ikambidi aanze upya, "mwaka uliopita, Kogo, alipata mapato yoyote?"

Bibi alifikiri. Alifikiri kwa dhati, paji limekunjamana, kama mtu aliyeulizwa kuhusu mtoto wa jirani na hataki kumsingizia. "Mama yako husema nini?"

"Husema hana."

"Hana kabisa?"

"Hana kabisa."

"Mwaka mzima?"

"Miaka yote, Kogo. Tangu aende."

Kogo alifyonza kwa masikitiko. Akausogeza uso wake karibu na kioo, macho yake yenye ukungu yakihangaika juu ya herufi asizoweza kuzisoma, wasiwasi mpya ukimjaa usoni.

"Basi anakula nini?" akauliza.

Jepleting aliondoa mikono kwenye kibodi. Akainuka, akakizungusha kiti chake hadi upande wa pili wa meza, akaketi karibu na bibi yake, bega kwa bega, wote wawili wakilitazama jina lile. Nyuma yao kijana wa bodaboda aliinua macho kutoka kwenye simu kuona kama zamu yake imefika. Akawaona walivyokaa. Akayashusha macho yake tena, na hakumharakisha mtu.